Herufi Moja Inaweza Kugombanisha Kilima: Kifaransa cha Mwanzo kwa Ajili ya Amani

Maneno yaliyotolewa kwa kufungua masomo ya Kifaransa cha mwanzo kwa watu wazima huko Kibabi, eneo la Masisi, Kivu ya Kaskazini. Msemaji ni mfanyakazi wa nyanjani wa shirika la mahali.

Ninajua kwamba wengi wenu mmetoka shambani sasa hivi, na matope ya viazi bado yako kwenye viatu. Ndiyo maana masomo haya tumeyapanga saa tisa za alasiri, kusudi kila mtu afike nyumbani kabla ya giza.

Nilipokuwa njiani kuja hapa, baba mmoja alinisimamisha akaniuliza: "Wewe mtu wa amani, Kifaransa kina kazi gani na amani? Wenye bunduki hawamuulizi mtu kama anajua kuandika." Swali lake ni la haki. Sitalijibu kwa maneno makubwa. Nitalijibu kwa kueleza kosa langu mwenyewe.

Sentensi niliyoiandika vibaya

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, nilitumwa kwenye kilima kimoja ambacho sitakitaja jina. Mzee mmoja alikuwa ameleta malalamiko. Aliniambia kwa Kiswahili hivi: "Vijana wamekata miti yangu, na mbuzi wangu haonekani." Nilimsikiliza, nikamshukuru, nikarudi kuandika ripoti. Mimi nilikuwa na diploma ya chuo kikuu, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote. Nikaandika:

*Les jeunes de la colline ont coupé les arbres et volé la chèvre du vieux.*

Kwa Kiswahili maana yake ni: vijana wa kilima wamekata miti yote na wameiba mbuzi wa mzee. Nilidhani nimetafsiri. Kumbe nilikuwa nimetunga.

Ripoti ile ilisomwa mbele ya wakubwa katika mkutano. Watu wa kilima cha jirani wakasema: "Tulijua, kilima kile ni cha wezi." Siku ya soko, wamama wa kilima kile wakarudi na mizigo yao, hakuna aliyetaka kununua kwao. Siku ya salongo, vijana wao hawakufika kutengeneza barabara. Walisema, "Sisi ni wezi, wezi hawaitwi kwenye kazi ya watu." Kulikuwa na maneno ya kupigana. Tena mnajua vizuri kwamba katika nchi hii, ukitaja kilima umekwisha kutaja kabila, hata kama hukuliandika.

Tulipokwenda kuchunguza, tulikuta miti mitatu tu iliyokatwa. Waliokata walikuwa vijana wawili, na walikubali. Na yule mbuzi? Alikuwa amekata kamba, akaonekana siku nne baadaye kwa mama mmoja ng'ambo ya mto, ambaye alikuwa amemtunza vizuri akimtafuta mwenyewe.

Niliandika karatasi ya pili ya kusahihisha, nikaenda kuomba msamaha. Lakini karatasi ya kwanza ilikuwa imetangulia, na ya pili haikuwahi kuifikia. Hata leo kuna watu wanaokumbuka ya kwanza peke yake.

Sasa tuichukue sentensi ile kama fundi anavyochukua mlango uliokaa vibaya. Tutaifungua msumari kwa msumari. Makosa yake ndiyo masomo yetu ya miezi mitatu.

Msumari wa kwanza: *un*, *des*, *le*, *les*

Kiswahili chetu hakina maneno haya madogo. Tukisema "vijana wamekata miti", msikilizaji anaweza kuelewa vijana wawili au vijana wote. Akitaka kujua zaidi anauliza: "Vijana gani?" Kifaransa hakikuachii nafasi hiyo. Kabla ya kutaja kitu, kinakulazimisha uchague.

*Un jeune* ni kijana mmoja, ambaye bado hatujamtambulisha. *Des jeunes* ni vijana fulani, baadhi tu. *Les jeunes* ni wale vijana tunaowajua tayari, au vijana wote kwa jumla. Angalieni: *des* na *les* zinatofautiana kwa herufi moja tu, *d* na *l*. Kwa herufi hiyo moja niliwahukumu vijana wote wa kilima kizima.

Kanuni ya mwanzo ni hii. Kitu ukikitaja mara ya kwanza, tumia *un*, *une* au *des*. Ukikirudia, sasa msomaji anakijua, tumia *le*, *la* au *les*. *Il y a un champ. Le champ est petit.* Kuna shamba. Shamba hilo ni dogo. Na kama unajua hesabu, acha yote hayo, andika hesabu: *deux jeunes, trois arbres*. Namba haina kabila.

Ninawaomba mjipime kila mara mtakapotaka kuandika *les* mbele ya jina la watu. *Les Hutu, les Hunde, les Tutsi, les Tembo, les militaires, les déplacés*. Jiulize: niliwaona wote? Kama niliona watu wanne, basi ni *quatre personnes*.

Msumari wa pili: niliona, nilisikia, niliambiwa

Mzee alisema, "mbuzi wangu haonekani." Mimi nikaandika *volé*, ameibwa. Neno hilo halikutoka kwa mzee. Lilitoka kichwani mwangu. Nilikuwa nimeruka kutoka jambo lililotokea mpaka jambo nililolidhania, bila hata kugundua.

Kwa hiyo tutajifunza maneno matatu, na kila sentensi yetu ya ushuhuda itaanza na mojawapo. *J'ai vu*: niliona. *J'ai entendu*: nilisikia kwa masikio yangu. *On m'a dit*: niliambiwa. Mwenye kusoma magazeti ya Kifaransa au kusikiliza redio atakuta pia *il aurait volé*, maana yake "inasemekana ameiba", tofauti na *il a volé*, "ameiba". Hicho ni Kifaransa cha mbele kidogo. Kwa sasa haya matatu yanatosha kabisa.

Tahadhari moja juu ya neno *on*. Ni neno zuri, lakini linaficha. *On a brûlé la maison*: nyumba imechomwa, bila kusema na nani. Kiswahili nacho kinajua kuficha hivyo: "imechomwa", "alipigwa". Kama kweli hujui aliyefanya, kuficha huko ni uaminifu. Kama unajua na unaogopa, hilo ni jambo lingine. Njoo tuzungumze pembeni kabla hujaandika chochote.

Msumari wa tatu: mwanaume au mwanamke, mara moja au kila siku

Kiswahili kinasema "alifika usiku", na hatujui kama ni mwanaume au mwanamke. Kifaransa kinataka kujua: *il* au *elle*. Mwandishi asiyeuliza anaandika *il*, na shahidi mwanamke anageuka mwanaume kwenye karatasi. Vivyo hivyo neno "ndugu". Kwetu ndugu ni mtoto wa mama yako, ni mtoto wa baba mdogo, hata jirani wa zamani. Mkiandika *mon frère*, ofisi inaelewa mmezaliwa tumbo moja. Mkishindania urithi wa shamba, neno hilo lina uzito.

Wengi wanaogopa Kifaransa kwa sababu kila kitu kina uume au uke: *un champ*, shamba, *une maison*, nyumba. Lakini ninyi msiogope. Kiswahili kinapanga vitu katika makundi mengi kuliko mawili ya Kifaransa. Mtu mzuri, watu wazuri. Kiti kizuri, viti vizuri. Mti mzuri, miti mizuri. Neno la kueleza hali linafuata jina kama mtoto anavyofuata mama yake, hata kama sisi wa Masisi tukiongea haraka tunalisahau njiani. Kifaransa kinafanya hivyo hivyo: *le champ est grand, la maison est grande*. Sikilizeni mwisho: katika *grand* ile *d* ni bubu, katika *grande* inasikika.

Tena kuna mahali ambapo Kiswahili kinakutana na Kifaransa kama ndugu. Tunasema "nina njaa", nao wanasema *j'ai faim*, yaani nina njaa, neno kwa neno. Tunasema "nina miaka thelathini", nao wanasema *j'ai trente ans*. Mkijua vitenzi viwili, *être* (kuwa) na *avoir* (kuwa na), mmekwisha kushika mpini wa jembe.

Kuhusu wakati uliopita, sikilizeni sentensi mbili. *Mon père a cultivé ce champ*: baba yangu alilima shamba hili. *Mon père cultivait ce champ*: baba yangu alikuwa akilima shamba hili. Ya kwanza inataja jambo lililokwisha, na linaweza kuwa la msimu mmoja tu. Ya pili inaonyesha desturi, mwaka hata mwaka. Kama baba yako alilima pale miaka ishirini, usikubali iandikwe ya kwanza peke yake bila miaka hiyo.

Karatasi ya shamba

Hapo ndipo tunafika kwenye kiini. Sote tunajua historia ya ardhi yetu. Kati ya mwaka 1937 na 1955, utawala wa Wabelgiji ulileta familia nyingi kutoka Rwanda kuja kukaa Masisi, na vizazi vyao vimezaliwa hapa. Mwaka 1973 sheria ya ardhi ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi zinazolimwa kwa kufuata mila, ilisema zitapangwa kwa amri ya Rais, na kwa miaka mingi amri hiyo haikutoka. Waliojua kusoma na kupita ofisini walipata karatasi. Wengine walibaki na maneno ya mababu. Mwezi wa tatu mwaka 1993 vita vilianza katika soko la Ntoto, upande wa Walikale, vikaenea mpaka kwetu Masisi. Sisemi vita vilitoka kwenye sarufi. Ninasema kwamba ugomvi wa ardhi umeshikamana na karatasi, na karatasi inaongea Kifaransa.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha kwanza, inasema lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba. Kwa hiyo PV inaandikwa Kifaransa. Mkataba unaandikwa Kifaransa. Hukumu inaandikwa Kifaransa. Na mtu anaitwa: "Mzee, tia kidole hapa."

Ninawaomba mjifunze maneno matatu leo hii, hata kama hamtarudi kesho. *Vendre* ni kuuza. *Louer* ni kukodisha. *Prêter* ni kuazima. Mama mmoja aliyeniletea karatasi yake alikuwa na hakika kwamba amekodisha nusu ya shamba kwa misimu miwili ili alipe hospitali. Nilisoma *a vendu*. Nililisoma tena, nikatamani macho yangu yawe yamekosea. Kidole chake kilikuwa pale chini, cheusi, kimetulia. Hakuna risasi iliyopigwa siku ile. Lakini watoto wake wa kiume walipopata habari, mmoja wao alianza kuuliza njia ya kwenda msituni. Tulikaa naye siku nyingi. Jambo hilo halijaisha.

Baba aliyeniuliza njiani, kama uko hapa, hilo ndilo jibu langu. Wenye bunduki hawaulizi kama tunajua kuandika. Lakini baadhi yao walianza kutafuta bunduki siku waliyogundua kwamba karatasi imewazunguka.

Picha ya kwanza kwa maneno

Sasa tunawezaje kuanza? Tunaanza kwa kueleza tunachokiona, kitu kimoja kwa sentensi moja. Mtu anayeanza asitafute sentensi ndefu. Nimewaandikia hii hapa ubaoni:

*Il y a un champ. Le champ est en bas de la colline. À gauche, il y a une rivière. À droite, il y a trois arbres. Deux hommes coupent un arbre. Je connais un homme. Je ne connais pas l'autre.*

Kuna shamba. Shamba liko chini ya kilima. Kushoto kuna mto. Kulia kuna miti mitatu. Wanaume wawili wanakata mti mmoja. Mmoja ninamjua. Mwingine simjui.

Ni sentensi saba. Mtoto anaweza kuzisoma. Lakini mtu aliye Goma, au Kinshasa, akizisoma anaweza kuchora ramani. Hakuna *mauvais*, hakuna *méchant*, hakuna *ennemi*. Maneno hayo yanaeleza moyo wa mtu, na moyo hauonekani kwa macho. Andika *grand, petit, vieux, rouge, cassé*. Andika *devant, derrière, entre, au bord de*. Na ile sentensi ya mwisho, *je ne connais pas l'autre*, msiidharau. Kuandika "simjui" kunaokoa mtu asiye na hatia.

Kama ningejua hivyo mwaka ule, ripoti yangu ingekuwa hivi: *Il y a trois arbres coupés. Le vieux dit : « J'ai vu deux jeunes. » Il dit aussi : « Ma chèvre n'est pas là. » Je n'ai pas vu la chèvre.* Ni Kifaransa cha shule ya msingi. Wamama wale wangeuza mboga zao.

Maonyo mawili kabla sijamaliza

La kwanza ni juu ya usalama. Vita vimerudi kwetu kwa nguvu tangu mwaka 2022, na vilifika Rubaya, hapa jirani. Kaye inaweza kuanguka njiani ikaokotwa na mtu yeyote. Katika mazoezi yetu hatutaandika majina ya watu, wala mahali wanapolala, wala nani alipita na silaha. Tutaeleza njia ya kwenda kisimani, soko, ng'ombe, jiko la nyumbani. Mkono ukizoea kusema kweli juu ya ng'ombe, utaweza kusema kweli juu ya mtu.

La pili ni juu ya heshima. Kujua Kifaransa si kuwa na akili kuliko wengine. Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo na Kiswahili vimekuwa vikisuluhisha watu kwenye vilima hivi tangu zamani, na Kiswahili hiki ndicho ninachowaambia nacho leo. Watoto wetu wanatakiwa kuanza shule kwa lugha wanayoielewa, kisha Kifaransa kinafuata. Na tangu mwaka 2019 Serikali ilitangaza shule ya msingi ya bure, lakini ninyi mliopitwa na wakati ule, nani atawafundisha? Basi tujifundishe. Na wakati tunajifunza, tushike desturi moja: hakuna kutia sahihi wala kidole mpaka karatasi isomwe kwa sauti, kwa lugha unayoielewa, mbele ya mtu unayemwamini. Anayekataa kukusomea amekwisha kukujibu.

Kazi ya nyumbani ni ndogo. Kila mtu alete sentensi tano juu ya njia anayopita kutoka nyumbani mpaka hapa. Anayejua herufi amsaidie asiyejua. Ninapenda mkae wawili wawili, na huyo wa pembeni asiwe wa kilima chako. Akikwambia kwamba mto uko kushoto na wewe ulisema uko kulia, msigombane. Nendeni pamoja mkaangalie.

Fungueni kaye zenu. Tunaanza na *il y a*.